Barua ya wazi kwa mnaosimamia sanamu za Wangfujing: kinyozi abaki barabarani

Shikamooni wakubwa zangu, na poleni na kazi.

Naandika kutoka Tanga, Tanzania, na naandika kwa Kiswahili makusudi, manake ndo lugha ambayo nikisema jambo linatoka kama lilivyo, halafu najua Beijing watu wa kuwasomea hawakosekani, Kiswahili kinafundishwa vyuoni hapo kwenu tangu miaka ya 60 na redio yenu ya kimataifa ilianza kutangaza kwa Kiswahili 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru. Baba yangu alikuwa anaisikiliza hiyo redio huku ananyoa watu. Nimeanza na baba kwasababu barua hii inamhusu kinyozi, yule wa shaba aliyeko Wangfujing, mtaa wa maduka wa hapo Beijing, ambaye naomba asije akaondolewa.

Nilisoma Beijing kuanzia 2009 mpaka 2014, mwaka mmoja wa lugha na minne ya fani. Wangfujing nilifika mara ya kwanza mwezi wa Novemba, natafuta glovu, baridi ya kwanza maishani mwangu, vidole vimekufa ganzi sivisikii. Nikakuta watu wamekusanyika barabarani wanapokezana kukaa kwenye kitu, nikajua kuna maonyesho, kumbe ni riksho ya shaba, kile kigari cha kuvutwa na mtu, na mtu wake wa shaba amekamata miti yake yuko tayari kuondoka. Nikazunguka zunguka nikaona na watumbuizaji wa zamani na ala yao ya nyuzi, nao wa shaba, wakubwa kama watu wa kweli, wamesimama chini palepale tunapokanyaga sisi. Halafu nikamuona kinyozi. Yuko kazini, mteja wake amekaa, ana ule mkia wa nywele mrefu mgongoni ambao wanaume wa Kichina walilazimishwa kufuga enzi za Qing, kuanzia 1645 mpaka utawala wenyewe ulipoanguka kwenye mapinduzi ya 1911.

Glovu nikasahau.

Mimi ni mtoto wa kinyozi. Baba amenyoa chini ya mkungu tangu kabla sijazaliwa, kiti kimoja, kioo kimening'inizwa kwenye msumari uliopigiliwa kwenye shina la mti, beseni, kipande cha sabuni, na mkanda wa ngozi wa kunolea wembe. Ada yangu ya shule yote ilitoka chini ya mti ule. Sasa fikirini mtoto wa namna hiyo anafika kwenye mtaa wa maduka ya kifahari, taa kila upande, saa za bei ambayo baba hawezi kuipata hata akinyoa wilaya nzima, halafu katikati ya hayo yote anakuta kinyozi wa barabarani amepewa heshima ya kutengenezewa sanamu. Nilimshika mkono. Shaba ilikuwa ya baridi inauma, ila pale kwenye mkono palikuwa pamesuguliwa na watu mpaka panang'aa kama dhahabu, nikajua sio mimi wa kwanza kumshika.

Nilipiga picha, nikaenda kuisafisha, nikampa mwenzetu aliyekuwa anarudi Dar likizo. Baba alipoipata alinipigia simu, na baba sio mtu wa kupiga simu nje ya nchi, vocha inaungua. Hakuniuliza habari za masomo. Aliniambia, "Huyu aliyemtengeneza anaijua kazi. Umeona alivyomshika kichwa? Mkono unaoshika kichwa ndo unanyoa, ule wa wembe unapita tu." Akaitundika ile picha kwenye mkungu, chini ya kioo, na mteja akiuliza huyu nani baba anajibu, huyo mwenzangu yuko Peking.

Sasa nieleze hasa kilichonifanya niandike.

Nimekaa miezi minane kwenye mji mwingine wa China kikazi, mji wenyewe sitautaja kwasababu nia yangu sio kumuumbua mtu. Mbele ya jengo la maduka karibu na nilipopanga kulikuwa na sanamu ya mama amekaa kwenye kigoda anamenya maharage mabichi na mtoto ameegemea goti lake. Sio kubwa, sio maarufu. Wazee wa mtaa walikuwa wanakaa pembeni yake jioni, mmoja alikuwa anamuwekea yule mtoto wa shaba skafu kukiwa na baridi. Asubuhi moja napita kwenda kazini nakuta hayupo. Hakuna mabango, hakuna uzio, hakuna mafundi. Kuna vigae vinne vipya vyeupe kuliko vingine, pale miguu yao ilipokuwa. Wiki iliyofuata likaja puto kubwa la mdoli wa katuni, watu wakapiga nalo picha mwezi mzima, likaja la sherehe ya mwaka mpya, likaja la valentaini, likaja la tangazo la simu. Niliuliza kwa mlinzi, niliuliza dirisha la huduma kwa wateja, kila mtu ananiambia hajui ameenda wapi. Yule mzee wa skafu nilimuona siku mbili tatu amekaa kwenye ukingo uleule, halafu nikawa simuoni.

Ndo maana naandika. Nimeona jinsi mitaa ya maduka inavyokwenda, sio China tu. Mwenye duka anataka kitu kipya kila msimu ili watu waje wapige selfi, waposti, wengine waone waje. Sanamu ya shaba haiwezi kushindana kwa mwendo huo. Kuitengeneza ni kazi ya miezi, unachonga umbo, unalipata kwa nta, unaizungushia udongo, unachoma, nta inayeyuka inatoka, unamimina shaba palepale ilipokuwa nta, halafu unaanza kuunga vipande na kusugua. Puto linajazwa upepo usiku mmoja. Kwahiyo siku mkiletewa mezani dizaini mpya ya mtaa, yenye picha nzuri za kompyuta, naomba muwe mmeshaisoma barua hii.

Kitu kimoja kuhusu Wangfujing nilichelewa kukielewa. Jina lenyewe ni la wakubwa: wangfu ni majumba ya wana wa wafalme waliokaa pale enzi za Ming, na jing ni kisima. Kisima chenyewe mmekiwekea mfuniko wa shaba barabarani watu wapite waone. Mtaa huo uko karibu kabisa na kasri la wafalme. Mlipouondoa magari na kuufungua kwa waenda kwa miguu, tarehe 11 Septemba 1999, taifa lenu likikaribia kutimiza miaka 50, mngeweza kabisa kusimamisha mwana wa mfalme juu ya farasi na hakuna ambaye angeshangaa. Mkaweka mvuta riksho, kinyozi, na waimbaji wa barabarani. Watu waliochota kile kisima, sio waliochotewa. Hilo jambo mlilifanya nyinyi wenyewe, au waliokaa kwenye viti hivyo kabla yenu, na kwangu mimi ni jambo kubwa kuliko duka lolote la mtaa ule.

Na hamkuanza hapo. Mbele ya duka la Beijing Department Store, lile lililofunguliwa 1955, kuna sanamu ya kichwa na kifua ambayo wageni wengi wanapita wakidhani ni ya kiongozi wa siasa au jenerali. Ni ya Zhang Binggui. Alikuwa muuza peremende. Tangu mwaka uleule duka lilipofunguliwa alisimama kaunta, na sifa yake ilikuwa mkono: ukimwambia nataka nusu kilo anachota mara moja tu, anaweka kwenye mzani, mzani unakubali, haongezi hapunguzi. Na hesabu anapiga kichwani, ukimaliza kutaja peremende zako za aina tatu nne yeye keshakwambia bei. Enzi hizo foleni zilikuwa ndefu na vitu ni vya shida, kwahiyo muuzaji mwenye kasi na uso mkunjufu alikuwa anawaokolea watu muda kweli kweli. Watu walitoka mikoani wanakuja kumuangalia tu. Beijing tangu zamani ina mandhari zake nane zinazosifiwa, wakasema kaunta ya Zhang Binggui ni ya tisa. Akafariki 1987, na mwaka uliofuata wakamuwekea sanamu mbele ya duka lake, maneno ya heshima yakaandikwa na Chen Yun, mmoja wa viongozi wakubwa kabisa wa nchi.

Muuza peremende jamani! Mimi nilipoelezwa na mwalimu wangu wa lugha nilirudi kesho yake kumuangalia upya. Hapa kwetu soko la Ngamiani kuna mama anafunga karanga kwenye karatasi kwa mkono, hapimi, na ukienda kuzipima nyumbani zinalingana pakti na pakti, na sijawahi kuona mtu amemuandika hata kwenye gazeti. Kwahiyo nyinyi mna kitu hapo ambacho miji mingi haina, mmezoea kuwaona hawa watu mpaka mnaweza msione tena thamani yao.

Najua litakalosemwa kuhusu riksho. Itasemwa ni aibu, ni mateso ya zamani, kwanini tuwaonyeshe wageni Mchina anamvuta mtu kama punda, halafu kibaya zaidi kila mgeni anakaa kwenye kiti anapiga picha anacheka. Nakubali nusu. Na mimi nilipoona wazungu wanapokezana kile kiti moyo uliniuma, na sikukaa, mpaka naondoka Beijing sijawahi kukaa. Lakini dawa yake sio kumtoa yule mtu. Miaka ya 1920 Beijing ilikuwa na wavuta riksho wanaofika elfu 60, mji wenyewe una watu milioni moja na kidogo, hesabu wake na watoto wao uone ni watu wangapi walikuwa wanakula kwa miguu ya wale wanaume. Tramu zilipoanza 1924 wakaona riziki inakatika. Tarehe 22 Oktoba 1929 wakatoka kwa maelfu wakazivunja tramu, magari kadhaa kwa kadhaa, mji ukasimama. Watu wa namna hiyo hawafichwi. Wanaelezwa. Kinachokosekana pale ni maelezo, kibao kimoja cha maana kinachomwambia anayetaka kukaa kwamba huyu anayekuvuta alikuwa nani, alilipwa nini, alikodi riksho ya nani, aligombana na nani.

Kuna babu mmoja nilimuona pale, nadhani ilikuwa 2012, kuna jua la majira ya kuchipua. Yuko na mjukuu wa kama miaka mitano hivi, mtoto anataka kupanda kwenye kiti kama wenzake, analia. Babu akamkataza kwa upole, akamshika mkono akampeleka mbele, akamuweka katikati ya miti miwili kando ya yule mvutaji, akamwambia vuta. Mtoto akavuta, riksho haitikisiki, akavuta tena kwa nguvu zake zote mpaka uso mwekundu. Babu akamwambia maneno ambayo niliyasikia vizuri kwasababu yalikuwa mepesi na Kichina changu kilikuwa kimeshakomaa kidogo: nzito, eeh? Baba wa babu alikuwa anavuta hii. Mtoto akaacha kulia. Hajapanda tena kile kiti, na mimi nikabaki nimesimama pale na mifuko yangu. Sasa niambieni, hilo puto la katuni lingeweza kumfanyia babu yule kazi hiyo?

Na kinyozi naye ana habari yake ambayo haijaandikwa popote karibu yake. Vinyozi wa kutembea wa Beijing walikuwa wanabeba mzigo wao begani kwa mti, upande mmoja kigoda cha mteja chenye vidroo vya nyembe, upande wa pili jiko la makaa na beseni la maji moto. Walikuwa hawapigi kelele kuita wateja, walikuwa na chuma chenye meno mawili marefu kama koleo, wanapitisha kijiti katikati kinatoa mlio mrefu unaotetemeka, watu vichochoroni wakisikia wanajua kinyozi kafika. Na kutokana na ule mzigo mkapata methali yenu, kwamba mzigo wa kinyozi una moto upande mmoja, mnayomtumia mtu anayempenda asiyempenda. Nilimsimulia baba kwenye simu akacheka sana, akasema sisi tunasema kinyozi hajinyoi, kumbe duniani kote vinyozi wanasemwa. Kibao chenye maneno hayo tu, na kitufe cha kusikia ule mlio, kingewasimamisha watu zaidi ya taa zozote mtakazofunga.

Mimi sio mtu wa kupinga vipya, msinielewe vibaya. Chengdu niliiona ile panda kubwa inayopanda jengo la IFS karibu na mtaa wa Chunxi, kazi ya Lawrence Argent ya 2014, mita 15, tani 13, mikono imekamata ukingo wa paa na makalio yanaonekana kwa watu wa chini, na niliipenda. Inacheza na jengo, inacheza na mji wenyewe wa panda, watu wanapanda juu kuiona uso wanashuka wanafurahi. Kipya cha namna hiyo leteni hata kesho. Ila kule hawakumtoa mtu ili panda akae. Na ukubwa peke yake sio dawa, mmeona wenyewe Jingzhou, ile sanamu ya Guan Yu, jenerali wenu wa kale, ya mita 57 na zaidi iliyokamilika 2016, miaka minne baadaye wizara ikaikosoa hadharani kwamba imeharibu sura ya mji wa kale, na kuihamisha tu ikapigiwa hesabu ya yuani milioni 155. Kwa hela hiyo mngetengeneza vinyozi wa mtaa mzima. Tena Guan Yu alikuwa juu kule, hakuna ambaye angemshika mkono.

Niliona hata Wuhan, mtaa wa Jianghan, sanamu za shaba za maisha ya watu wa pale, kitanda cha mianzi na watu wake, kwasababu zamani kabla ya viyoyozi joto la Wuhan lilikuwa linawatoa watu ndani wanalala nje barabarani familia nzima kwenye vitanda hivyo. Mtu wa Tanga haelezwi hilo mara mbili. Sisi mikeka barazani mwezi wa pili. Nilisimama pale nikajisikia nyumbani kabisa, na ni mji ambao nilikuwa nimefika asubuhi ileile. Sanamu ya mtu wa kawaida inafanya hivyo, mgeni anakuta kitu anachokijua.

Na sisi huku tuna ya kwetu ya kusimulia kwenye habari ya kubadilisha sanamu. Dar es Salaam, katikati ya mji, barabara ya Samora inapokutana na Azikiwe, eneo la maduka na mabenki, kuna sanamu ya Askari ya shaba, bunduki mkononi. Kabla yake, Wajerumani mwaka 1909 walikuwa wamesimamisha Dar sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann, yeye juu, na chini yake askari Mwafrika anamtazama. Waingereza walipoiteka Dar 1916 wakaishusha, ikapelekwa mpaka ikafika Hamburg, ikasimamishwa pale chuo kikuu 1922, na wanafunzi wa hukohuko Ujerumani wakaiangusha 1968. Dar wakaja kuweka Askari, 1927, kazi ya James Alexander Stevenson, na maandishi yake yana Kiswahili na Kiingereza. Nawaeleza haya ili mjue sisemi sanamu isiguswe milele. Ile ya gavana ilistahili kuondoka. Aliyekuwa chini anatazama juu nafasi yake akaja kusimama mtu wa namna yake mwenyewe, japo walioweka nao walikuwa watawala na majina ya wale askari na wapagazi waliokufa kwa maelfu kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia hayapo pale. Kubadilisha kupo. Swali ni nani anashuka na nani anapanda. Wangfujing mkimtoa kinyozi mkaweka chupa ya manukato ya mita sita, anayeshuka ni mfanyakazi na anayepanda ni bidhaa.

Kwahiyo ombi langu ni hili, na nalisema kwa heshima zote. Siku ya kubadilisha ikifika, msifanye usiku. Wekeni tangazo palepale miguuni mwa sanamu, miezi mitatu kabla, liseme inaondoka lini, inaenda wapi, kwanini, na mtu akitaka kusema neno aseme wapi. Kama ni matengenezo tu, shaba imepasuka kwenye mikono au miti ya riksho imelegea kwa kukaliwa, semeni ni matengenezo na itarudi tarehe fulani. Na mafundi wakiisafisha naomba wasiurudishie rangi ya giza ule mkono unaong'aa. Ule mng'ao ni rangi ya juu imeondoka kwa viganja vya watu tangu 1999, wazee, watoto, wanajeshi wa likizo, wanafunzi wa Kiafrika wenye vidole vya ganzi, ukiufunika na dawa umefuta sahihi zao wote. Pakeni nta iishie hapo.

Na mkitaka kuongeza, ongezeni, mtaa wenu una nafasi. Ila ongezeni kwa njia ileile mliyoanza nayo. Wakati nasoma nilikuwa na rafiki mmoja, kijana kutoka mkoani, alikuwa analeta vifurushi pale chuoni kwetu, na miaka ile kazi hiyo ndo ilikuwa inapanda. Leo Beijing haiendi bila wale vijana wa jaketi za njano na za bluu kwenye pikipiki za umeme, simu imefungwa kwenye usukani, dakika zinahesabiwa na apu, anapanda ngorofa ya kumi na nane na supu ya mtu isimwagike. Wao ndo wavuta riksho wa leo. Tengenezeni mmoja wa shaba, mkubwa kama mtu, amekaa kwenye ngazi anakula chakula chake cha saa tisa alasiri baada ya kumaliza kupelekea wengine cha saa sita. Muwekeni karibu na mvuta riksho, waonane. Tengenezeni yule mama wa fagio ambaye anaanza kazi kabla maduka hayajafungua na ambaye bila yeye mtaa mzima usingepigika picha. Waulizeni wenyewe wanataka wakae vipi. Na chini muandike jina la aliyemtengeneza na jina la kazi, kwa Kichina, na lugha nyingine zozote mtakazoweza.

Tena wawekeni chini. Msiwapandishe kwenye jiwe. Kinyozi yule angekuwa juu ya jiwe la mita mbili nisingemshika mkono, nisingepiga picha ile, baba asingepiga simu.

Kuhusu gharama najua mwenye duka analipia puto na shaba inalipiwa na serikali ya mtaa, hesabu ni zenu mnazijua. Lakini puto linalipiwa kila msimu, na kinyozi analipiwa mara moja.

Baba ana miaka 74 sasa, mikono imeanza kutetemeka ameacha wembe, anakuja kijiweni asubuhi anakaa tu, kijana aliyemfundisha ndo ananyoa kwa mashine. Mkungu upo. Ile picha jua limeila mpaka imekuwa ya bluu bluu, sura ya kinyozi haionekani tena vizuri ila mikono inaonekana. Mtoto wa dada yangu amepata nafasi ya kusoma hapo Beijing, anaondoka mwezi wa tisa. Baba amemuita, amempa kazi moja tu: aende Wangfujing, asimame kushoto kwa yule kinyozi, amshike mkono uleule, apige picha mpya, aisafishe kwenye karatasi, na amtumie. Msumari wa kuitundika keshaupigilia.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.

Mimi, mtoto wa kinyozi,
Tanga